Firigisi, moyo na ini: kiungo hupikwa kulingana na kazi yake

Mjadala wa maini ya kuku hauishi. Wapo wanaoapa kwamba ini limejaa sumu kwa kuwa ndilo linalochuja uchafu wa mwili, na wapo wanaolisifia kuwa linaongeza damu, hivyo mgonjwa na mtoto wapewe kila siku. Firigisi nayo haikusalimika: huyu anaitupa kwa sababu aliikuta na mchanga, yule anaigombea mezani. Halafu kuna ule ujumbe wa simu usio na jina la mwandishi, unaohama kutoka kundi hadi kundi, ukionya kwamba shingoni ndiko kuku hudungwa sindano za homoni. Mwenye sufuria jikoni hajui amsikilize nani.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na kuvitia viungo vyote kapu moja na kuviita "vya ndani", kana kwamba ni nyama ya aina moja. Havifanani. Firigisi ni msuli wa kusaga, moyo ni msuli usiopumzika, na ini si msuli kabisa. Ukishajua kiungo kilikuwa kikifanya kazi gani ndege alipokuwa hai, unaelewa kwa nini kina rangi ile, kwa nini ni kigumu au laini, kipikwe vipi, na hatari yake iko wapi hasa.

Tuanze na majina. Viungo vya ndani vinavyoliwa zaidi kwa kuku, bata, bata mzinga, bata bukini na kanga ni vitatu: firigisi, ambayo wengine huiita finingi, moyo na ini. Shingo mara nyingi hufungwa pamoja navyo ingawa si kiungo cha ndani, kwa sababu tu hukatwa wakati mmoja. Kuna vingine visivyotajwa sana. Figo zimejibanza kwenye vishimo vya mfupa wa mgongo upande wa nyuma, na mara nyingi huachwa humohumo, kwa hiyo aliyekula mgongo wa kuku huenda amekula figo bila kujua. Mapafu yameshikamana na mbavu. Korodani za jogoo ziko ndani ya mwili, karibu na figo, na kuku wa mayai aliyechinjwa hukutwa na viini vya njano vya ukubwa tofauti, mayai ambayo hayajapata ute wala ganda. Bandama ni kitu kidogo cha mviringo chenye rangi ya damu ya mzee, na wengi huitupa wakidhani ni bonge la damu.

Firigisi, msuli wa kusaga

Ndege hana meno. Chakula anachodonoa hushuka kwanza kwenye gole, kifuko kilicho chini ya shingo, ambako huhifadhiwa na kulainika. Kutoka hapo kinapita kwenye tumbo dogo la mbele linalotoa asidi na vimeng'enya vya kuyeyushia protini, ndipo kinaingia kwenye firigisi. Kwa hiyo firigisi ni tumbo la pili, na kazi yake ni ile ambayo sisi huimaliza mdomoni. Misuli minene ya pande mbili hubana na kuzungushana, na vijiwe alivyomeza ndege vinasaga nafaka katikati yake. Wale wanaoshtuka kukuta mchanga humo wameukuta mahali pake. Bila vijiwe hivyo, kuku anayejitafutia punje nzima angepata shida kuzisaga. Kuku anayelishwa chakula kilichokwisha kusagwa havihitaji sana, na firigisi yake huwa ndogo na laini kuliko ya mwenzake anayekula nafaka nzima. Hapo ndipo penye jibu la swali linalosumbua wapishi: kwa nini firigisi za leo ziliiva upesi na za wiki iliyopita ziligoma. Msuli uliofanya kazi zaidi hukua zaidi na kuwa mgumu zaidi.

Ukiipasua utakuta ngozi ya njano au ya kijani iliyokunjamana, ngumu kama plastiki nyembamba. Watu wengi hudhani ni mafuta, wengine hudhani ni uchafu ulioganda. Ni utando ambao tezi za firigisi zenyewe huutoa na kuugandisha ili ukuta usichubuliwe na vijiwe wala kuunguzwa na asidi. Rangi yake hutokana na nyongo inayorudi nyuma kutoka kwenye utumbo. Utando huu huondolewa kwa sababu hautafuniki na una uchungu, na ikishakatwa upande mmoja na kufunguliwa kama kitabu, huchunika kwa kidole. Chakula kilichomo humwagwa kabla ya kuuchuna, ili mchanga usisambae kwenye nyama. Kinachobaki ni nyama nyekundu iliyokolea, yenye mafuta machache mno.

Wekundu huo unatokana na mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli inayofanya kazi mfululizo. Kifua cha kuku ni cheupe kwa kuwa kuku hupuruka mara chache na kwa muda mfupi. Firigisi husaga saa nyingi kila siku, ndiyo maana imekolea.

Ugumu wake unatokana na kolajeni, nyuzi zinazofunga msuli pamoja. Kolajeni haishindwi kwa moto mkali. Inataka unyevu, joto la wastani na muda, ndipo igeuke jelatini na nyama ilegee. Firigisi zichemshwe polepole, maji yakitokota kidogo tu, kwa saa moja au saa moja na nusu. Kwenye sufuria ya mgandamizo nusu saa mara nyingi hutosha. Zikishalainika ndipo zikaangwe, zichomwe au ziungwe. Anayezitupa mbichi kwenye mafuta ya moto na kuzitoa baada ya dakika kumi atapata kitu cha kutafuna hadi taya zichoke, kisha ataisingizia firigisi. Njia nyingine ni kuzikata vipande vyembamba sana kukingana na nyuzi, hapo hata moto wa haraka huweza kufaa, lakini kwa mpishi anayeanza sioni sababu ya kuacha kuchemsha.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa kweli. Ndege humeza vijiwe bila kuchagua sana, na kuku anayezurura anaweza kumeza kipande cha waya, kigae au risasi ndogo iliyoanguka. Bata wa porini wanaoishi kwenye maeneo ya uwindaji wanajulikana kumeza punje za risasi wakizidhania vijiwe, na madini ya risasi ni sumu. Firigisi ya ndege wa porini ikaguliwe, na ikikutwa na chuma au risasi itupwe pamoja na maini ya ndege huyo.

Moyo hauna mengi ya kubishaniwa. Moyo wa kuku mzima hupiga zaidi ya mara mia mbili kwa dakika bila kukoma maisha yake yote, kwa hiyo nyama yake ni nyekundu na imeshikana, lakini nyuzi zake ni fupi na kolajeni yake haizidi kama ya firigisi. Unakubali njia zote mbili, moto mkali wa dakika chache au mchuzi wa polepole. Kata ncha ya juu yenye mishipa, kamua damu iliyoganda ndani, basi.

Ini na hoja ya chujio

Hapa ndipo penye kelele nyingi, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Damu inayotoka kwenye utumbo, ikiwa imebeba kila kilichosharabiwa, hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambazwa mwilini. Kwa hiyo ni kweli kwamba ini hukutana na sumu mapema. Lakini watu husikia "linachuja" wakafikiria chujio la chai, ambamo majani hubaki na chai hupita. Ini halifanyi hivyo. Seli zake huzibadili kemikali hatari kuwa aina ambayo mwili unaweza kuitoa, kisha huzisukuma nje kupitia nyongo, au kupitia damu hadi kwenye figo. Mfano ni amonia inayotokana na kumeng'enywa kwa protini: ini la ndege huigeuza asidi ya yuriki, figo huitoa, nayo ndiyo ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha kuku. Ini lililo zima halirundiki uchafu wote liliowahi kukutana nao.

Kinachohifadhiwa humo kwa wingi ni akiba: sukari ya dharura, madini ya chuma, vitamini A, vitamini B12 na foleti. Kwa ndege kuna kazi moja ya ziada ambayo watu wengi hawaijui. Mafuta mengi ya mwili wa ndege hutengenezwa ndani ya ini, na hata mafuta ya kiini cha yai hutoka huko. Ini la kuku anayetaga kwa hiyo huwa na mafuta zaidi na rangi ya manjano iliyofifia, bila kuwa na ugonjwa wowote. Bata na bata bukini wana uwezo mkubwa zaidi wa kulimbikiza mafuta kwenye ini, uwezo unaowafaa ndege wanaosafiri masafa marefu, ndiyo sababu maini yao ni makubwa na laini.

Je, hofu ya sumu haina msingi wowote? Ina msingi mmoja, na ni haki kuueleza. Kuku anapotibiwa kwa viuavijasumu, mabaki ya dawa hubaki mwilini kwa muda, na mara nyingi kiasi kilicho kwenye ini na figo huzidi kilicho kwenye nyama ya kawaida. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 1963, huweka viwango vya juu vya mabaki kwa kila aina ya kiungo. Kwa dawa za jamii ya tetrasaiklini, kwa mfano, kiwango kinachoruhusiwa kwa nyama ya kuku ni mikrogramu 200 kwa kilo, kwa ini 600, na kwa figo 1,200. Viwango hivyo vinatofautiana kwa sababu dawa haigawanyiki sawasawa mwilini, na pia kwa sababu watu hula ini kidogo kuliko nyama. Kinachomlinda mlaji ni siku za kusubiri, yaani muda ambao mfugaji lazima aache upite tangu dozi ya mwisho hadi kuchinja. Mfugaji akiuheshimu, mabaki hushuka chini ya kiwango. Asipouheshimu, kupika hakuwezi kutegemewa kuyaondoa. Swali la maana kwa muuzaji ni hili: kuku hawa walitibiwa lini? Kumuuliza kama ini lina sumu hakusaidii.

Kuhusu metali nzito kama kadimiamu, ni kweli hukusanyika kwenye figo na ini, lakini huhitaji muda. Kuku wa nyama wa biashara wengi huchinjwa wakiwa na umri wa wiki tano hadi saba. Mnyama aliyeishi miaka mingi ana nafasi kubwa zaidi ya kulimbikiza.

Upande wa pili, ule wa kusema ini lina faida tupu, nao unakosea. Gramu 100 za maini ya kuku yaliyochemshwa zina protini karibu gramu 24 na madini ya chuma karibu miligramu 11. Kiasi hicho cha nyama ya kifua kina chuma kama miligramu moja tu. Kwa mtu mwenye upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma, ini ni chakula chenye thamani kubwa, na naona ni hasara kulitupa kwa hofu isiyo na ushahidi. Lakini kiasi hichohicho kina vitamini A karibu mikrogramu 4,000, wakati mtu mzima anahitaji kati ya 700 na 900 kwa siku, na kiwango cha juu cha usalama kwa matumizi ya kila siku ni 3,000. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama vitamini C. Hujirundika. Kula ini mara moja kwa wiki hakumdhuru mtu mzima mwenye afya, kwa kuwa wastani wa siku hushuka. Kumlisha mtoto mdogo sahani ya maini kila siku "aongeze damu" ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa mahitaji yake na kikomo chake ni vidogo kuliko vya mtu mzima.

Wajawazito wanahitaji tahadhari ya pekee. Vitamini A ya wanyama ikizidi sana, hasa miezi ya mwanzo, inahusishwa na kasoro za maumbile kwa mtoto. Huduma ya afya ya Uingereza inawashauri wajawazito wasile ini kabisa. Anayetumia ini kama tiba ya damu wakati wa ujauzito azungumze kwanza na mkunga au daktari, kwa sababu chuma kinaweza kupatikana kwa njia nyingine.

Rangi ya waridi katikati

Kuna wapishi wanaofundisha kwamba ini la kuku lisiive lote, libaki na wekundu katikati ili lisikauke. Nawaelewa, kwa sababu ini halina kolajeni ya kulegea: kila dakika ya ziada huzibana protini zake, linatoa maji na kugeuka unga mdomoni. Lakini ushauri huo una tatizo ambalo halipo kwenye kipande cha nyama ya ng'ombe. Bakteria waitwao kampilobakta, wanaosababisha kuhara na homa, hupatikana hata ndani ya ini la kuku, mbali na uso wake. Kuunguza nje hakuwafikii. Milipuko ya ugonjwa iliyotokana na maini ya kuku yasiyoiva imerekodiwa mara nyingi. Mamlaka za Marekani zinataka katikati pafike nyuzi joto 74 za Selsiasi. Rangi peke yake hudanganya, kwani ini linaweza kugeuka kahawia kabla halijafika huko. Kipimajoto ndicho cha uhakika. Asiye nacho akate lile nene kuliko yote, na likitoa majimaji mekundu au likiteleza kama jeli, arudishe motoni.

Namna ya kuliokoa lisikauke ni kulikausha kwa karatasi au kitambaa, kuligawa vipande vinavyolingana ukubwa, kutumia moto wa kutosha, kutojaza kikaango, na kulitoa mara tu linapoiva. Makosa mengi ya ini ni ya muda.

Kabla ya hapo kuna nyongo. Ni kifuko cha kijani kilichogusana na ini, na kikipasuka uchungu wake hausafishiki kwa maji. Kata nyama ya ini kidogo kuzunguka kifuko badala ya kukivuta. Palipopakwa nyongo pakatwe patupwe. Ukipasua njiwa usihangaike kukitafuta, hana kifuko cha nyongo. Doa dogo la kijani mahali kifuko kilipolalia ni nyongo iliyopenya baada ya kuchinja. Ini lote kuwa la kijani, kuwa na vidonda au madoa meupe yaliyotapakaa, au kutoa harufu, ni sababu ya kutosha ya kulitupa.

Shingo, kolesteroli na mengineyo

Ule ujumbe wa simu kuhusu shingo una chembe ya ukweli iliyopindishwa. Kuku hudungwa sindano shingoni, lakini mara nyingi ni chanjo, kwa sababu ngozi ya nyuma ya shingo ni legevu na rahisi kushika. Kuku wa nyama hukua haraka kutokana na uteuzi wa mbegu kwa vizazi vingi na lishe iliyopimwa, si kwa homoni. Ni kweli pia kwamba pande mbili za shingo zina tezi za kinga, ambazo hunywea ndege anapokomaa. Ziko kama tezi nyingine zozote na hazina sumu, na asiyezipenda anaweza kuziondoa pamoja na ngozi. Tezi iliyo juu ya mkia, inayotoa mafuta ya kupaka manyoya, nayo haina madhara, ila harufu yake ni nzito na inafaa kukatwa.

Kolesteroli imo, na ni nyingi: gramu 100 za maini yaliyopikwa zina karibu miligramu 560, firigisi karibu 370. Hata hivyo, kwa watu wengi kolesteroli ya damu huathiriwa zaidi na mafuta yaliyoganda kuliko kolesteroli ya sahani, na mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 uliondoa kikomo cha zamani cha miligramu 300 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari afuate kauli ya daktari wake. Mwenye jongo ana sababu iliyo wazi zaidi ya kujizuia, kwa kuwa viungo vya ndani vina purini nyingi, na purini huishia kuwa asidi ya yuriki inayoganda kwenye viungio vyake.

Jambo la kuosha nalo lina utata. Nyama ya kuku haishauriwi kuoshwa chini ya bomba kwa sababu maji hurusha bakteria kwenye vyombo na meza. Firigisi haiwezi kukwepa maji ikiwa imetoka kupasuliwa, hivyo isuuzwe ndani ya bakuli taratibu, kisha bakuli, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni. Viungo vya ndani huharibika haraka kuliko mapaja au kifua. Kwenye friji vikae siku moja au mbili tu, na kwenye friza miezi mitatu hadi minne ladha yake bado ni nzuri. Wakati wa mafua ya ndege, WHO inasema nyama ya kuku ni salama ikipikwa hadi kila sehemu ifike nyuzi joto 70. Ndege aliyekutwa amekufa au anayeumwa asipasuliwe kabisa, kwa sababu hapo hatari iko kwenye kumshika.

Anayetaka kuvipika vyote katika sufuria moja anaweza, mradi asiviingize pamoja. Firigisi na shingo zitangulie na maji ya baridi, zitokote saa nzima. Mioyo ifuate dakika ishirini hivi kabla ya mwisho. Ini liingie la mwisho kabisa, dakika tano hadi nane kulingana na unene, na supu ikitakiwa kubaki angavu basi likaangwe pembeni na kuongezwa kwenye bakuli, kwa sababu ini likichemka muda mrefu huitia supu ukungu na uchungu.